Gango la Kumi na Mbili

Haya alinisimulia mjukuu wangu Nakijwa, mwaka wa elfu mbili themanini na moja, siku ya nne tangu arudi kutoka Ugiriki. Tulikuwa nyuma ya jiko tunamenya mihogo. Siku tatu za kwanza hakusema kitu. Gari lisilo dereva lilimwacha kule kwenye kona, maana magari yale hayaijui njia yetu ya Upareni, akapanda na begi lake kwa miguu. Akanisalimu, akala, akanawa, akakaa anatazama ukuta. Kila nikimwita, hata kwa sauti ndogo, aliitika huku ameshtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Na kulala hakulala.

Siku ya nne nikamwambia, "Mke mwenzangu, mume wetu amekufa miaka tisa sasa. Hakuna wa kumwogopa humu ndani. Sema."

Akacheka kidogo. Kisha akasema.

*

Kuna kilima huko Arkadia, na juu yake kuna hekalu ambalo Wagiriki wa kale walimjengea mungu wao, zaidi ya miaka elfu mbili na mia nne iliyopita. Tetemeko liliwahi kuliangusha nusu. Nakijwa alikuwa mmoja wa mafundi wa kulisimamisha tena.

"Bibi, pale hakuna mstari ulionyooka," aliniambia. "Ukiweka chungwa katikati ya sakafu linabiringika lenyewe hadi ukingoni. Nguzo zimenenepa kidogo katikati, kama mtu aliyejitwika ndoo akashika pumzi. Na zote zinainamia ndani, kidogo sana, huwezi kujua mpaka upime."

"Mafundi wao walikuwa walevi?"

"Walifanya makusudi. Nguzo ikinyooka sawasawa, ukiwa mbali unaiona imepinda. Wakaipinda ili uione imenyooka."

Nikamwambia hao watu walijua kudanganya macho. Akasema ndiyo, na mikono yake ikasimama kwenye muhogo.

Mawe yale hayakushikwa kwa saruji. Kati ya jiwe na jiwe walichonga kitundu, wakalaza gango, kipande cha chuma cha kuyashikisha mawe, kisha wakamimina risasi iliyoyeyushwa, yale madini laini ya kijivu, ili chuma kisipate kutu. Hiyo risasi ndiyo iliyompa Nakijwa kazi. Risasi inapoganda inashika mtikisiko wa mwisho wa hewa iliyo karibu nayo, kama uji mzito unavyobaki na njia ya mwiko. Ukiiyeyusha polepole, tabaka kwa tabaka, inakurudishia ule mtikisiko. Sauti ya watu waliokuwa wamesimama pale siku ile. Mashine ya kuyeyushia wanaiita sikio, na mjukuu wangu ndiye aliyekuwa mshika sikio.

Lakini inatoka mara moja tu. Ikishatoka, risasi inakuwa maji, haina kitu. Ukiondoa moto inaganda tena palepale kwenye kitundu chake, na inashika kilichopo wakati huo. Kwa hiyo ilikuwepo kanuni. Kabla sikio halijawashwa kila mtu anatia kokoto mdomoni, chini ya ulimi, asije akasahau akasema. Risasi ya zamani inatoa sauti zake, ya sasa inaganda na kimya.

Sauti zenyewe ziliwekwa kwenye kisanduku, na kisanduku kilipelekwa langoni, ambako wageni walizisikiliza.

"Wanasikia nini?"

"Kikohozi. Mtu anamtukana punda. Mtu anaomba maji, haonekani kupewa. Wamekufa wote, bibi, halafu kuna mtu anakula aiskrimu anawasikiliza."

*

Mafundi walikuwa wamefika kwenye ukuta wa chumba cha ndani, kile ambacho sanamu ya mungu ilikaa ikiutazama mlango wa mawio. Magango kumi na mawili, kwa mstari. Jinsi risasi ilivyoonekana, yote yalimiminwa na mikono ileile, siku ileile, moja baada ya jingine.

Walifanya kazi saa sita mchana, kwa sababu jua lilikuwa limeshapasha mawe na sikio halikuhitaji moto mkali. Walijifunika kwa hema la sufu nzito ili nyenze wa nje wasisikike. Mlinzi wa kilima, mzee Stathis, ambaye wote walimwita Barba, kama sisi tunavyosema ba'mdogo, saa hiyo hakukaa hekaluni hata kwa dawa. Alishuka chini ya kilima na mbuzi wake. Kwao saa ya jua la utosi kuna vitu vinatembea. Nakijwa akamwambia, "Hata bibi yangu hakuturuhusu kwenda mtoni saa hiyo." Tangu siku hiyo mzee akawa anamletea jibini.

Gango la tisa. Nakijwa yuko ndani ya hema, peke yake na sikio, kokoto chini ya ulimi. Sikioni amevaa kipuli cha tafsiri, kama walivyovaa wote. Risasi ikaanza kung'aa. Kwanza akasikia nyundo kwa mbali. Kisha mwanamke, mtu mzima, karibu sana.

"Wewe mtoto. Uko wapi wewe mtoto?"

Hapo Nakijwa akanitazama.

"Kile kipuli, bibi, kina tabia ya kuchagua sauti. Kilikuwa kimetusikia mimi na wewe tukizungumza kwenye simu miezi saba. Yule mama kikampa sauti yako."

Akatoa kokoto mdomoni, akalishika kiganjani, akaitika. "Abee."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Katika nyumba hii mtoto akiitwa na mkubwa anaitika kwanza, maswali baadaye, na kama ana chakula mdomoni anakitoa, haitikii akitafuna. Nimewachapa kwa mwiko watoto wanane na wajukuu sijui wangapi kwa jambo hilo. Mtu wa nchi nyingine angenyamaza. Mtu wa nchi nyingine angeitika na kokoto lake, isieleweke.

Risasi ikaganda na ile abee.

Mkuu wao, Daktari Kaliroi, mwanamke mwembamba asiyekaa chini, akafunua hema.

"Nimesikia nini humu?"

"Nimeitika."

"Umemwitikia nani?"

"Aliyeniita, Daktari."

Kaliroi alitazama risasi, imeshakuwa ngumu. "Sasa ukuta wa mungu una sauti ya fundi wangu," akasema, "na hakuna wa kuitoa bila kuiyeyusha upya." Hakugomba. Alikwenda akaandika. Mafundi wengine wakafikiri ni neno la kuchekesha, jioni nzima wakawa wanamwita hivyo. Abee, niletee kamba. Abee, chai yako inapoa. Naye kila wakimwita hivyo anaitika, wao wanacheka zaidi.

*

Kesho yake wakaliyeyusha la kumi. Safari hii Kaliroi aliingia naye hemani kuhakikisha kokoto halitoki.

Ilitoka sauti ya yule mama, yaani sauti yangu. "Nimekusikia. Kaa hapohapo. Usiondoke, nakuja."

Nakijwa alisema nywele za mikono zilimsimama na jua lote lile. Walipotoka nje Kaliroi akatema kokoto lake, akauona uso wa Nakijwa.

"Usianze. Alijibiwa na mtu wa wakati wake. Mtoto aliitika mahali, risasi ya tisa ilikuwa imeshaganda, hatukumsikia. Basi."

"Kama sauti inaweza kutoka huko ikaja huku..."

"Haiji huku. Ilikuwa huku muda wote. Ilikaa kwenye jiwe."

"Na yangu je? Imekaa kwenye jiwe lilelile."

Kaliroi alisema ndiyo, imekaa, miaka elfu mbili baada yao. Akaondoka haraka.

Ukuta ule ulijengwa kwa safu mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na kati yake waliacha uwazi. Sehemu nyingine uwazi ulipitisha mkono, lakini karibu na pembe, ambako kuna lile gango la mwisho, ulimtosha mtoto mdogo kujipenyeza. Juu ya uwazi wa pembeni walilaza jiwe moja kubwa la kulala, la kuzifunga safu mbili pamoja. Likishalala, limefunika.

Gango la kumi na moja lilikuwa na sauti ya mwanamume. "Mama, sogea. Jiwe linashuka."

Na ile sauti yangu: "Ngojeni. Mjukuu wangu alikuwa anacheza humu kati."

"Humu ndani ya ukuta?"

Kamba inalia kwenye gurudumu. Kisha yule mama akasema, "La, ameitika. Nimemsikia mwenyewe, yuko upande ule, kwenye nguzo. Teremsheni."

Halafu jiwe juu ya jiwe.

*

Nakijwa alipofika hapo aliacha muhogo, akanawa mikono ingawa haikuwa michafu. Niliona aibu ya kitu ambacho sikukifanya, au nilikifanya.

"Sauti iliyoitika ni yangu," akasema. "Yule mama aliacha kumtafuta kwa sababu yangu."

"Daktari wako alisemaje?"

Alisema mengi. Walibishana wawili kwenye ngazi za hekalu, Kaliroi amesimama, Nakijwa amekaa. Kaliroi alitaka gango la kumi na mbili liyeyushwe Jumapili, mbele ya wageni mia tatu, hema likunjwe, spika ziwekwe kati ya nguzo. Kama kulikuwa na mtoto chini ya jiwe lile risasi ilipomiminwa, sauti yake imo.

"Wasikie mtoto anakufa?" Nakijwa aliuliza. "Wakiwa wamekaa kwenye viti?"

"Wasikie kwamba alikuwepo. Huyu ni mtoto wa watumwa, Nakijwa. Hakuna aliyeandika jina lake, hakuna kaburi. Hekalu lote hili lilibebwa na watu wa namna yake na tunalo jina la mchora ramani tu. Hii ndiyo mara pekee atakayosikika. Wewe unataka akae kimya milele kwa sababu wewe unaona vibaya?"

Nakijwa alisema hilo lilimwingia, na mpaka leo halijatoka. Kwa sababu ni kweli.

"Sitaki akae kimya," akasema. "Nataka kumwambia yule mama. Ile ya tisa ilifika. Ya kumi na mbili itafika."

Kaliroi akasema, "Hata kama ungeweza. Wamekufa wote, hata kama alitolewa. Kuna tofauti gani sasa?"

"Tofauti ipo, Daktari."

"Ipi?"

"Ipo tu."

Kama risasi ile ingeyeyushwa Jumapili, sauti ya mtoto ingepatikana, na ikishapatikana risasi ingeganda na makofi ya wageni. Nafasi ilikuwa moja. Ama mtoto asikike na watu mia tatu, au mama yule aambiwe.

*

Siku mbili alifanya mazoezi. Alikiuliza kipuli neno hili na hili, kwa Kigiriki cha kale, akayakariri njiani kwenda kisimani kama mtoto wa shule anavyokariri shairi. Mzee Stathis alimsikia, akakaa juu ya jiwe.

"Hicho si Kigiriki chetu," akasema. "Ni cha babu wa babu. Unamwambia nani mtoto yumo?"

Nakijwa akamweleza. Mzee hakucheka. Aliuliza swali moja, huyo bibi ni wa mama au wa baba. Nakijwa akasema hajui. Stathis akamvulia ufunguo wa kufuli la hema kwenye mshipi wake. "Jumamosi wanakula wote kwa Kaliroi, ni siku ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu aliyeitwa kama yeye. Mimi nitakuwa chini na mbuzi. Saa sita mimi sikai huku, kila mtu anajua, hakuna atakayeniuliza."

Jumamosi, saa sita. Aliwasha sikio. Akachomoa waya wa kisanduku. Hakutia kokoto. Kisha akavua kipuli, akakiweka juu ya jiwe mbali naye. Nilimwuliza kwa nini, si angeelewa zaidi.

"Sikutaka kimpe mtoto sauti ya mtu ninayemjua," akasema.

Risasi ikang'aa. Alisubiri kilio. Alijiandaa kwa kilio.

"Alikuwa anacheka, bibi."

"Nani?"

"Mtoto. Anajizuia, anacheka puani, kama wanavyocheka wakijificha. Alijificha. Alimsikia bibi yake anamwita na hakuitika kwa makusudi, anangoja kutafutwa."

Kuku alipita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

Risasi ilipokuwa maji yote, Nakijwa aliinamia kitundu hadi joto likamchoma mdomo, ndiyo ile alama niliyoiona akifika, nikadhani ni homa. Akasema maneno aliyoyakariri. Yumo ndani ya ukuta. Chini ya jiwe hili. Si yeye aliyeitika. Akayasema mara mbili, polepole, akazima moto, akakaa kimya kabisa mpaka risasi ikawa ya kijivu.

*

Kaliroi alipoambiwa hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, Nakijwa alisema hajawahi kumwona amekaa chini kabla ya hapo.

"Ulisikia nini?"

"Mtoto anacheka."

"Na umesikia wewe peke yako." Alisema kama mtu anayepima uzito wa kitu. "Mtu mmoja, katika watu wote waliowahi kuwepo."

Jumapili ikafutwa. Jumatatu wakaleta winchi, wakalinyanyua jiwe la kulala. Nakijwa aliruhusiwa kusimama pembeni. Uwazi ulikuwa na vumbi, na ganda la lozi, na basi. Hapakuwa na mifupa. Hata jino.

"Hakuwahi kuwemo," Kaliroi akasema. "Alitoka mwenyewe upande wa pili kabla jiwe halijashuka, akaitika kwenye nguzo kama bibi yake alivyosema. Ulichokisikia ni kitu kingine, na hatutajua ni nini. Umeichoma sauti kwa ajili ya uwazi mtupu."

"Au alitolewa."

"Andika hivyo kwenye ripoti, uone."

Mwashi mmoja akawaita. Waashi wa kale walipotaka kulisogeza jiwe la mwisho walichonga kitundu kando, wakachomeka mtaimbo, wakasukuma. Jiwe moja, kitundu kimoja. Hili lilikuwa na viwili. Kimoja kimechongwa vizuri, pembe zake safi. Cha pili kilichongwa hovyo, tindo imekosa mara tatu nne, marumaru imebanduka, kazi ya mtu mwenye haraka sana. Jiwe lililazwa, halafu likanyanyuliwa tena.

"Hicho cha pili hakikuwepo," Nakijwa akasema. "Nililipima jiwe hili mimi, wiki ya kwanza. Kilikuwa kimoja."

Kaliroi akaenda kibandani akaleta mchoro wa wiki ya kwanza. Vitundu viwili. Vimepimwa, vimeandikwa urefu na kina, cha pili kimewekewa maneno "kazi mbaya". Na mwandiko ulikuwa wa Nakijwa.

Wakakaa wawili wanautazama ule mchoro. Baadaye Kaliroi akaukunja, akamrudishia, akamwambia gari la uwanja wa ndege litakuja saa kumi. Nakijwa alipokuwa anapanda, mzee Stathis alimletea jibini limefungwa kwenye kitambaa. Alisema tu kwamba saa sita ya jana alibaki hekaluni, kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, na hakuna kilichotembea, alikuwa peke yake.

*

Muhogo ulikuwa umebaki mmoja. Nikamwambia, "Basi umemtoa. Mbona hulali?"

"Sijui kama nimemtoa."

"Kitundu kipo."

"Kipo. Na mwandiko wangu unasema kilikuwepo siku zote." Alifuta kisu kwenye khanga. "Lakini si hilo, bibi. Ni kwamba yule mama alichukua sauti yako, na kipuli nimekivua, na bado anayo. Kila ukiniita, kabla sijageuka, sijui ni wewe au ni yeye. Na nikiitika sijui nani anaacha kutafuta."

Nilimenya ule muhogo wa mwisho, taratibu, nikamaliza.

"Sikiliza," nikamwambia. "Kuanzia leo sikuiti. Nikikutaka nitainuka nije nikuone kwa macho."

"Utaumia magoti."

"Magoti ni yangu. Kuna mtu amekuomba?"

Safari hii alicheka vizuri. Akasema basi atajinyoosha kidogo, jua lilikuwa bado juu, akaingia chumba cha nyuma, nikasikia kitanda.

Nikaosha mihogo, nikaitia sufuriani. Nikatazama kuni, zilikuwa chache, na zile kubwa alizileta yeye asubuhi, sikujua ameziweka wapi. Nikafungua mdomo nimwite. Miaka yote hiyo mdomo umezoea. Nikaufunga.

Nikainuka, goti la kushoto kwanza, nikafuta mikono, nikaenda mpaka mlangoni nikasogeza pazia. Alikuwa amelala ameuelekea ukuta, kiganja chake kimegusa udongo. Nilisimama pale mpaka nikaliona shuka linapanda na kushuka, mara nyingi, bila haraka. Alikuwa amelala.